Alamu ya nyumba: kabla hujaulizia bei, jiulize nani atakuja ikilia

Kwenye grupu letu la mtaa mtu akiibiwa inakuaga hivi: saa kumi na mbili asubuhi anatupia picha ya nondo zilizokatwa, watu wanampa pole, pole zikiisha mafundi wa mdomoni wanaanza. Mmoja anasema weka kamera. Mwingine anasema fensi ya umeme ndo mpango. Wa tatu kaona ki-alamu cha waifai Kariakoo, bei chee kabisa, wa nne anasema hizo zote mbwembwe tafuta mbwa, na ikifika saa tatu aliyeibiwa kachanganyikiwa kuliko alivyoamka. Tatizo nimeligundua siku nyingi, watu wanabishana lakini kila mmoja anaongelea kitu tofauti. Kwahiyo tupange maneno kwanza alafu ndo tuje kwenye kuchagua.

Kamera inaona na kukumbuka. Basi. Asubuhi utamtazama vizuri tu jamaa wa kofia akitoka na tivii yako, na kama kiboksi cha kurekodia kilikuwa sebuleni pembeni ya tivii naye kakibeba, hata hiyo picha huna. Fensi ya umeme inamkera mtu asipande ukuta. Alamu yenyewe kazi yake ni moja, kupiga yowe. Haikamati mtu, haifungi mlango, haimwagi maji ya moto. Kama umewahi kufuga kanga unaelewa, kanga akiona kitu asichokijua usiku anaanza makelele mpaka mtaa mzima unaamka, ila hamng'ati mtu. Alamu ni kanga wa umeme. Kanga anamsaidia mfugaji kwa sababu mfugaji yupo ndani, anaamka, anawasha tochi, anatoka. Mfugaji akiwa amesafiri kanga anapiga kelele bure na mwizi anaondoka na kanga mwenyewe.

Ndo maana nasema swali la kwanza siyo ya waya au isiyo ya waya. Swali la kwanza ni ikilia nani atasikia, na akisikia atafanya nini.

Nina jirani, Desemba moja alienda Moshi kama kawaida yao, nyumba kaiacha na alamu mpya. Usiku wa pili ikalia. Tukatoka na tochi na mapanga, tumezunguka, hamna kitu. Baada ya nusu saa ikalia tena. Tunampigia simu, hapatikani. Mjumbe akaja na kanzu yake ya kulalia, mlinzi wa nyumba ya pili akapata akili, akapanda ngazi akakata waya wa king'ora. Sasa ndo ikalia zaidi, haikunyamaza mpaka alfajiri, maana vile ving'ora vya nje vingi vina betri yao ndani na vimetengenezwa makusudi vilie ukikata waya. Jirani kaja kurudi tarehe 2, fundi kafungua sensa ya sebuleni, kile kidude cha kuhisi mtu, kakuta mjusi kafiri kaingia ndani yake kafanya nyumba. Tangu siku hiyo ile nyumba ikilia hakuna anayetoka, mimi mwenyewe nageuza mto tu. Alamu nzima kaiua mjusi.

Ndani ya boksi kuna nini? Ondoa maneno ya fundi, vitu ni vinne. Kuna vya kuhisi, ambavyo ndo sensa. Kuna paneli, ubongo, ile boksi inayofichwa stoo au kabatini, inapokea taarifa za sensa na kuamua. Kuna koo, yani king'ora, vizuri vinafika desibeli 110 hadi 120 ukisimama karibu, yani masikio yanauma kweli. Na kuna kinachopeleka habari mbali, laini ya simu au waifai au redio ya kampuni ya ulinzi. Pembeni kuna betri na kile kibodi cha kubonyeza namba. Ukiambiwa "sistimu kamili" muulize tu hivi vinne viko wapi, mara nyingi utakuta kimoja hakipo.

Sensa zenyewe usizichukulie zote sawa. Ya mlangoni ni rahisi kuliko zote, vipande viwili, kimoja kina sumaku kinakaa kwenye mlango na kingine kwenye fremu, vikiachana paneli inajua mlango umefunguliwa. Siyo teknolojia ngeni hii, Mmarekani mmoja wa Somerville, Massachusetts, Augustus Pope, alipata hataza ya kengele ya wizi ya umeme mwaka 1853, mlango au dirisha likifunguka kengele inalia, na wazo mpaka leo ni lile lile. Uzuri wake haichanganywi na paka wala feni. Ubaya wake inajua mlango umefunguka tu, mtu akivunja kioo akapita katikati au akashuka kwa juu kupitia siling bodi, sumaku zako zimetulia tuli hazijui kitu.

Alafu kuna kile kidude cheupe cha kwenye kona ya ukuta chenye uso wa plastiki kama maziwa. Watu wengi wanadhani kinatoa miale kama ya kwenye sinema, mwizi akiikata kengele inalia. Hapana, hakitoi chochote, kinapokea tu. Kila chenye joto kinatoa mionzi ambayo macho yetu hayaioni, na ile plastiki ya mbele inakigawa chumba kama vipande vya pai, kiumbe chenye joto kikitoka kipande hiki kuingia kile sensa inashtuka. Ukishaelewa hapo mengi yanajieleza yenyewe. Kwanza, inamkamata vizuri zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja, kwahiyo usiielekeze mlangoni, iweke pembeni mwizi akatize. Pili, ile mionzi haipiti kwenye kioo cha dirisha, maana yake sensa ya sebuleni haimuoni mtu aliyesimama nje anakata nondo, itamuona akishaingia. Tatu, na hili watu wa Dar na Tanga na Mombasa tulizingatie, sensa inatafuta tofauti ya joto kati ya mtu na chumba. Sebule iliyofungwa mwezi wa pili, madirisha yote yamefungwa mmesafiri, joto la humo ndani linakaribia la ngozi ya mtu, kwahiyo zile mita 12 wanazoandika kwenye boksi kwamba sensa inaona unaweza usizipate. Sensa nzuri zina namna ya kujirekebisha na joto, uliza kabla hujalipa.

Na mijusi. Mjusi akitembea mbali ukutani hana shida, shida ni akipita juu ya uso wa sensa yenyewe au akiingia ndani kufuata wadudu, kwa sensa yule ni sawa na tembo. Dawa yake siyo ya kitaalamu, ni silikoni tu kwenye tundu la nyuma linapopita waya. Fundi wengi hawafanyi, mwambie afanye ukiwa umesimama hapo. Kuhusu paka, kuna sensa zimeandikwa hazishtuki kwa mnyama wa kilo 20 au 25, ni kweli akiwa chini sakafuni, ila paka akipanda juu ya friji akawa uso kwa uso na sensa, kilo hazihesabiki tena.

Kwa nyumba zetu kuna jambo la ziada ambalo vitabu vya hizi mashine havisemi, maana viliandikwa na watu wanaolala madirisha yamefungwa. Sisi tunalala madirisha wazi, joto, kinachotulinda ni nondo na wavu wa mbu. Sasa sumaku ya kwenye dirisha ambalo liko wazi usiku kucha inalinda nini? Haina kazi. Kwa nyumba ya namna hiyo hela yako ipeleke kwenye milango miwili ya nje, alafu sensa ya joto koridoni na sebuleni, na kama nyumba yako ina siling bodi moja iangalie pale ambapo mtu akishuka lazima apite. Usiku mnapolala mnaitega kwa namna ya kulala, yani milango na sebule vinakuwa macho ila koridoni kwa vyumba mnapita mkienda chooni. Mkisafiri mnaitega yote. Paneli isiyoweza hizo namna mbili usinunue, utachoka kuizima saa nane usiku kila mtoto akienda kukojoa na ndani ya wiki itabaki pambo.

Ya waya au isiyo ya waya? Mimi jibu langu fupi, kama ndo unajenga, pitisha mabomba kabla ya plasta na uweke ya waya, haina habari za betri kwenye kila sensa. Kama nyumba imeisha au umepanga, chukua isiyo ya waya, ukihama unahama nayo. Ila za bei ya kutupa nyingi zinatumia masafa ya megahezi 433 na rimoti yake inarusha namba ile ile kila ukibonyeza, mwenye kidude cha kunasa anairekodi leo kesho anaizima alamu yako yeye. Zilizo nzuri zinabadilisha namba kila mara na zinajua pia sensa ikipotea hewani. Nyumba ngapi Bongo zimeibiwa kwa kunasa rimoti? Wezi wetu wengi bado ni watu wa tindo na jeki, sitaki kukutisha. Lakini tofauti ya bei siyo kubwa kihivyo.

Sasa tuje kwenye umeme na mtandao, hapa ndo watu wengi wanapigwa. Alamu za waifai zina programu nzuri kwenye simu, unaona kila kitu ukiwa kazini, safi. Umeme ukikatika je? Kidude chenyewe kinaweza kuwa na betri, ila ruta haina, ruta ikizima alamu inabaki inaongea peke yake, na wewe ukiwa mbali unaona kimya unadhani amani. Na umeme kukatika siyo lazima iwe mgao, umeme wa kulipia kabla, LUKU, ukiisha mmesafiri ni hivyo hivyo, na kwenye nyumba nyingi mita au mein swichi iko nje mwizi anaizima kwa kidole. Kwahiyo au uweke betri ya kuishika ruta, au chukua yenye laini ya simu ndani, na zipo zenye vyote viwili, hizo ndo ningekushauri.

Yenye laini nayo ina ugonjwa wake. Laini ni laini, inataka salio. Isipokuwa na salio haipigi simu wala haitumi meseji, na ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni ya simu inaifunga. Najua mtu aliyekuwa analipa fundi kila mwaka "kusafisha" alamu wakati laini ndani ilishakufa zamani. Isajili kwa jina lako kwa alama ya kidole, siyo kwa jina la fundi, ondoa namba ya siri ya laini kabla haijaingia kwenye paneli, na weka kikumbusho kwenye simu cha kuitupia vocha.

Betri ya paneli za waya kwa kawaida ni ile nzito ya volti 12, ampea-saa 7 (imeandikwa 7Ah). Hesabu ya darasani ni rahisi, sistimu yako ikila ampea 0.3 gawa 7 kwa 0.3, unapata saa kama 23. Hiyo ni betri mpya. Hizi betri zinachoka ndani ya miaka mitatu mpaka mitano, na kwenye stoo yenye joto zinawahi, kwahiyo ya mwaka wa nne inaweza kukushikia saa mbili tu na wewe unaendelea kuamini ni siku nzima. Hakuna atakayekwambia, inabidi upime.

Turudi kwenye nani atakuja, maana jibu linategemea unakaa wapi kuliko uwezo wako. Ukikaa Manzese, Tandale, Vingunguti, nyumba zimebanana, jirani akikohoa unamwambia pole, wewe king'ora kikali kinakutosha kabisa. Ndani ya dakika moja mko watu thelathini nje na filimbi, ulinzi shirikishi upo, wasiwasi unakuwa upande wa pili, kwamba mtu wa watu asiuawe na wananchi kabla polisi hawajafika, na kama ni kijana wako karudi usiku kasahau namba, fikiria. Lakini ukikaa Goba, Madale, Mbweni, kiwanja kikubwa, ukuta mrefu, jirani yuko ng'ambo ya ukuta wake mwingine na kiyoyozi kimewaka, king'ora chako anakisikia kama muziki wa harusi ya mbali. Huko unahitaji kampuni ya ulinzi yenye chumba cha kupokea taarifa na gari la kuitikia. Ni ada ya kila mwezi, na ndo gharama ya kweli ya alamu, boksi ni mwanzo tu. Nairobi wamezoea zaidi hii, kwenye estate nyingi getini unakuta kibao cha kampuni na ndani kitufe cha dharura cha kubonyeza mwizi akiwa yuko getini bado.

Kabla hujasaini na kampuni waulize gari usiku linalala wapi na linahudumia nyumba ngapi. Waulize wakifika wakakuta geti limefungwa wanafanya nini, wanaruka au wanapiga honi? Alafu siku moja usiku wa wiki, bonyeza kitufe makusudi kisha angalia saa. Kampuni nzuri haitanuna. Namba ya polisi 112 ibandike kwenye friji hata kama umelipia kampuni, na ya mjumbe pia.

Maneno ya mtaani sasa, machache. La kwanza ni nusu kaputi, kwamba wezi wanapuliza dawa dirishani nyumba nzima inalala fofofo kwahiyo alamu haisaidii. Hili lipo mpaka Ulaya, waendesha magari yenye vitanda ndani wanalisimulia wakienda Ufaransa, na chuo cha madaktari wa usingizi cha Uingereza walishatoa tamko kwamba haiwezekani, kumlaza mtu kwa kupuliza dirishani kunataka dawa nyingi mno, na huyo mtu angeishtukia. Na fikiria mwenyewe, hospitali wanamweka daktari mzima kichwani kwa mgonjwa kumwangalia asifie usingizini, mwizi ataweza kwa chupa kupitia kwenye wavu wa mbu? Mara nyingi watu walikuwa wamelala tu kwa uchovu, feni inavuma, mwizi katulia. Na hata ingekuwa kweli, king'ora hakilali.

La pili, fensi ya umeme inaua. Fensi iliyofungwa sawasawa inatoa pigo fupi mno kama mara moja kila sekunde, volti maelfu ila nguvu kidogo, inakuumiza inakuachia. Inayoua ni ya mtu aliyechukua umeme wa nyumbani wa volti 230 akaunga moja kwa moja kwenye senyenge, huyo anatega binadamu, na mtoto akifuata mpira ukutani ndo anayekufa. Watu hawajui pia kwamba fensi nzuri yenyewe ni alamu, waya ukikatwa au ukigusishwa chini mashine inaona volti zimeshuka na kulia, na ndo kitu pekee kati ya hivi vyote kinachokwambia mwizi akiwa bado nje. Kwahiyo kama hela inatosha kitu kimoja na ukuta unao, mimi ningeanza na fensi kabla ya sensa za ndani. Tatizo lake ni matawi ya mwembe, na kwa wa Kigamboni au Mbezi Beach ni chumvi ya bahari, waya wa bei rahisi unaota kutu mapema.

La tatu, "bandika stika ya alamu tu inatosha". Kwa mpita njia labda. Ila kumbuka nani anajua kama alamu yako ni stika: fundi aliyepaka rangi, aliyekuwa dada wa kazi, muuza maji. Mwaka 2022 vijana wahalifu wa Panya Road walipokuwa wanavamia nyumba za watu Dar walikuwa wanakuja kundi zima na mapanga, kundi kama lile halisomi stika.

Na namba ya siri. Ukikuta bado 1234 badilisha leo. Kila mtu wa nyumbani apewe yake, dada akiondoka unafuta ya kwake tu badala ya kubadilisha ya nyumba nzima na kumchanganya bibi. Paneli nyingi zina namba ya kulazimishwa pia, mtu akikuwekea panga shingoni unaibonyeza, alamu inazima kama kawaida ila kimya kimya inatuma taarifa, sema hiyo ni bure kama taarifa inaenda kwa mumeo aliyesimama pembeni yako na yeye kashikiwa panga. Weka namba ya mtu anayelala nyumba nyingine.

Siku fundi anamaliza usimpe hela ya mwisho bado. Mwambie azime mein swichi, azime na ruta, aitege, alafu atoke nje akae anywe chai. Wewe toka nje, funga, subiri dakika kumi, ingia kwa mlango wa jikoni utembee mpaka chumbani bila kubonyeza chochote. King'ora kinatakiwa kilie, na simu yako, ya kaka yako na ya jirani ziite, na meseji iseme JIKONI siyo "zoni 3" maana saa tisa usiku hakuna anayekumbuka zoni 3 ni wapi. Jirani akikupigia kuuliza kuna nini kwako, mlipe fundi.